Meno ya Jumapili

Nyamai ndiye aliyezungumza, kama kawaida yake. Aliingia kliniki ya meno pale Mwingi akiwa amevaa koti la suti katikati ya jua, akavuta kiti na kuketi, kisha akamwonyesha mkewe benchi la ukutani. Syokau akakaa. Alikuwa ameushika upindo wa leso na kuuziba mdomo nao.

"Wayua, anti yako alianguka mtoni," Nyamai akasema. "Alikuwa anachota maji, akateleza, akagonga jerikeni. Meno manne ya juu yakaenda. Kule hospitali walishang'oa mizizi iliyobaki. Sasa tumekuja unitengenezee meno."

Wayua ndiye aliyekuwa fundi wa meno bandia katika kliniki ile. Kazi hiyo aliisomea Nairobi, na maabara yake ilikuwa chumba kidogo nyuma ya chumba cha daktari, chenye dirisha moja na feni ya kutoa harufu. Mama yake na Syokau walikuwa ndugu wa tumbo moja, wazaliwa wa Kathonzweni, ila Syokau alikuwa ameolewa mbali, huko Nuu. Utotoni Wayua alipelekwa Nuu kila likizo ya Agosti, kwa hiyo mto alioutaja Nyamai aliujua vizuri. Karibu mwaka mzima haukuwa na maji ya kuonekana. Wanawake walichimba mchanga, wakangoja maji yajikusanye, wakayachota kwa kikombe. Mtu aliyeanguka pale aliinuka akakung'uta sketi.

Akavuta daftari la kazi. Mzee alikuwa amekaa pale pale.

"Unayataka lini?" akauliza.

"Ijumaa."

"Ijumaa hii?"

"Jumapili nasimikwa kuwa mwenyekiti wa wazee wa kanisa, eneo letu lote. Askofu anatoka Kitui. Kila mzee anasimama mbele na mke wake, na mke anasema neno. Siwezi kusimama na mtu mwenye pengo, watu watauliza."

"Mzee, leo ni Jumanne. Lazima nichukue kipimo cha mdomo, nitengeneze kielelezo cha plasta, nipange meno kwenye nta, ayajaribu, ndipo nipike ufizi wenyewe wa bandia. Mwisho wa wiki ijayo itawezekana."

Nyamai akacheka kidogo. "Kupika. Si ni plastiki tu? Beseni linatoka kiwandani kwa dakika."

Wayua alikuwa amejibu swali hilo mara nyingi, hakukasirika. Alitoa chupa mbili kutoka kabatini akaziweka mezani. Moja ilikuwa na poda ya waridi, laini kama unga wa muhogo. Nyingine ilikuwa ya kioo cha kahawia na ndani yake mlikuwa na maji maji.

"Beseni linatengenezwa kutokana na chembe ambazo tayari ni plastiki," akasema. "Kiwanda kinaziyeyusha na kuzikandamiza, basi. Mimi hapa naiunda plastiki yenyewe. Hii poda imeshaungana. Haya maji bado. Ni molekuli ndogo ndogo, kila moja iko peke yake. Tunaziita monoma. Lazima ziungane moja kwa nyingine, maelfu kwa maelfu, ziwe minyororo mirefu. Minyororo ndiyo polima, ndicho kitu kigumu utakachoona. Na kuungana kunataka moto wa pole pole. Nikiharakisha, nyingine hazipati wa kuungana naye, zinabaki ndani ya ufizi hivyo hivyo, maji maji. Halafu zinatoka mdomoni mwa mtu."

"Zikitoka zinafanya nini?"

"Zinachoma. Zinaweza kutoa vidonda."

"Kwa hivyo hiyo ni dawa kali."

"Ikiwa haijaungana, ndiyo."

Nyamai akatikisa kichwa kama mtu aliyeelewa somo. "Lakini wewe ni fundi," akasema akiinuka. "Utajua la kufanya. Ijumaa." Akatoka nje kuzungumza kwa simu.

Wayua alimlaza Syokau kwenye kiti cha daktari, akamwomba aondoe leso. Ufizi ulikuwa umeanza kufunga lakini ulikuwa bado mwekundu na laini. Jino lililopakana na pengo, upande wa kushoto, lilikuwa limesukumwa ndani. Ndani ya mdomo wa juu mlikuwa na kovu refu, mahali nyama ilipokatwa na meno yake mwenyewe. Wayua akaangalia kidevu, kisha pua. Akageuza viganja vya anti yake kana kwamba anataka tu kumsalimia. Mtu anayeanguka kifudifudi hutanguliza mikono. Viganja vya Syokau havikuwa na hata mchubuko.

"Anti, ni mto gani huo?"

Syokau aliutazama ukuta. "Ni ule ule."

"Ule una mchanga."

"Ndiyo. Una mchanga."

Wayua hakumlazimisha. Alikoroga unga wa kipimo, akauweka kwenye trei, akausukuma polepole juu ya ufizi, akasubiri ushike. Macho ya Syokau yalijaa machozi, lakini hilo huwapata wengi trei ikiwa mdomoni. Ilipotoka, alijipangusa akakaa wima.

"Kama hayatakuwa tayari Ijumaa," akasema, "atasema ni mimi niliyekwambia ukatae."

"Nitamwambia mwenyewe kwamba ni mimi."

"Utamwambia hapa. Mimi nitakuwa naye kule."

Wayua alisafisha trei kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji kusafishwa.

"Hakuna ile ya haraka?" Syokau akauliza. "Uliwahi kuniambia mama mmoja alikuja na meno yamevunjika, ukayaunga akiwa ameketi."

"Ipo. Ni ya kuunga yaliyovunjika. Haipikwi, inajishika yenyewe hapa mezani. Lakini inabakisha maji mengi zaidi ndani. Na ufizi wako haujapona, anti. Itakuchoma."

"Itanichoma siku ngapi?"

"Sijui. Wengine haiwasumbui kabisa. Wengine inawasumbua sana."

"Basi nifanyie hiyo. Nitavumilia."

Mwenye kliniki, daktari Farhiya, alikuwa amekwenda Garissa kwa harusi ya ndugu yake. Wayua angeweza kumpigia simu. Aliishika simu mkononi jioni ile, akairudisha mfukoni, kwa sababu alilijua jibu ambalo angepewa.

Syokau alirudi Ijumaa asubuhi akiwa peke yake. Nyamai alikuwa sokoni akitafuta hema la wageni. Wayua alikuwa ameshapanga meno manne kwenye nta. Alikuwa ameyachagua yenye rangi iliyokolea kuliko yote aliyokuwa nayo, na bado akayatia mistari myembamba ya kahawia, kwa sababu maji ya visima vya kule, yenye madini ya floraidi, yamewatia watu wengi rangi hiyo, na meno meupe ya dukani yangepiga kelele mdomoni mwa Syokau. Akamjaribisha. Yalikaa sawa. Syokau alijitazama kwenye kioo kidogo, akafunga mdomo, akaufungua tena.

"Ni yangu kabisa," akasema.

"Ngoja niondoe nta, nitie ufizi wa kweli. Kaa hapo karibu na dirisha, harufu ni kali."

Syokau hakwenda dirishani. Alisimama kando ya meza akatazama. Wayua alimimina poda ndani ya kikombe cha kioo, akadondosha maji kutoka chupa ya kahawia, akakoroga kwa kijiko. Harufu ikapanda, tamu na ya kukereketa, ikawafanya wote wawili wakunje pua. Mwanzoni mchanganyiko ulikuwa kama mchanga ulioloa. Kisha ukaanza kunata, ukitoa nyuzi kila kijiko kilipoinuliwa. Baada ya muda ukaacha kunata, ukawa donge laini kama la chapati.

"Kwa nini yanaganda?" Syokau akauliza. "Hukuweka moto."

"Kila molekuli ya haya maji ina kaboni mbili ambazo zimeshikana mara mbili. Ni kama watu wawili walioshikana mikono yote miwili, hawana mkono wa kumpa mtu mwingine. Kwenye poda kuna kitu kinachovunjika vipande, na kila kipande kinakuja kikali, kinataka kushika. Kinamwendea mmoja, kinamfungua mkono mmoja, kinaushika. Sasa yule ana mkono mtupu upande wa pili. Naye anamfungua jirani. Jirani anamfungua jirani. Hivyo hivyo, haraka kuliko ninavyosema."

"Na mwisho wake?"

"Mnyororo ukikutana na mnyororo mwingine wenye mkono mtupu, wanashikana, wanamaliza. Kwa yale ya kupika, hicho kitu kinavunjwa na moto. Kwa haya ya haraka kuna kemikali nyingine ndani ya maji inayokivunja bila moto. Shika hapa."

Syokau akagusa kalibu ambamo Wayua alikuwa amelikandamiza donge. "Ina joto."

"Wanapoungana wanatoa joto wenyewe."

"Na hao wanaobaki?"

Wayua alifuta kijiko. "Kitu kikianza kuwa kigumu, njia zinaziba. Kuna ambao wako karibu kabisa na mkono mtupu lakini hawawezi kusogea kuufikia. Wanakwama. Nikipika pole pole kwa saa nyingi, kunabaki ulaini wa kutosha, wengi wanafika. Hapa hawafiki."

"Hata nyuzi za kiondo ziko hivyo?"

"Katani nayo ni minyororo, ndiyo. Ya sukari. Lakini mmea umeiunganisha wenyewe, tena kwa miaka."

Syokau akatabasamu kwa macho. Alikuwa msusi mzuri wa vyondo, vile vikapu vya katani, na Wayua alikumbuka alivyokuwa akisokota uzi kwenye paja huku akizungumza na kila apitaye, akicheka meno yote yakiwa nje. Walikaa pamoja hadi kalibu ilipopoa. Wayua akayatoa meno, akayakata kingo, akayapiga msasa, akayang'arisha, halafu akayazamisha kwenye maji ya uvuguvugu. Alitaka yakae humo hadi Jumapili asubuhi, maji yavute kile ambacho hakikuungana.

Nyamai alifika kabla ya saa sita.

"Hayajakaa majini vya kutosha," Wayua akamwambia. "Ayabebe hivi hivi kwenye maji. Ayavae kanisani tu, kisha ayavue."

"Wageni wanaanza kufika nyumbani leo jioni," Nyamai akasema. "Atayavaa leo."

"Mzee, yatamchoma."

"Wewe umefanya kazi yako vizuri. Asante." Akamgeukia mkewe. "Vaa tuone."

Syokau akayavaa.

Jumapili Wayua alifika Nuu mapema. Kanisa lilikuwa la mabati, limejaa, na nje palikuwa pamepigwa hema la viti vya ziada. Alimwona anti yake kwenye safu ya mbele, katika gauni jipya la buluu, na akajua kabla ya kumfikia. Mdomo wa juu ulikuwa umevimba. Alipomwinamia kumsalimia, Syokau alijibu bila kufungua meno.

"Yavue sasa hivi," Wayua akamnong'oneza.

"Nikishamaliza kusema."

"Umekula?"

"Nimekunywa maji."

Tangu Ijumaa alikuwa amewapikia wageni na kuwatabasamia. Usiku alipoyavua, Nyamai alimwambia ayarudishe, kwa sababu mke wa askofu alilala chumba cha pili na angeweza kuamka wakati wowote.

Kwaya iliimba, mahubiri yakahubiriwa. Kisha Mchungaji Jonah Mbuvi, aliyeliongoza kanisa lile, akaelezea kwamba mzee wa kanisa ni mtu anayeiongoza vizuri nyumba yake mwenyewe, na kwamba hakuna shahidi wa jambo hilo kama mke. Wazee wakaitwa mmoja mmoja. Mke wa mzee wa kwanza, aliyeitwa Kaveke, alisema mumewe hajawahi kulala bila kusali, watu wakapiga makofi. Wengine wakafuata, maneno yao karibu yale yale. Nyamai akabakizwa wa mwisho, kwa sababu ndiye aliyekuwa anapewa uenyekiti.

Syokau alipokea kipaza sauti. "Bwana asifiwe," akasema, na herufi zikatoka na mluzi. Kanisa likaitikia. Alijaribu tena neno lililofuata, akashindwa. Akaugeuza uso pembeni, akaingiza vidole mdomoni, akayatoa meno, akayafunga ndani ya leso. Aliporudisha uso kwa watu, pengo lilikuwa wazi na ufizi umekuwa mweupe mahali na mwekundu mahali.

"Nimeambiwa niseme kama mume wangu anaiongoza nyumba yake vizuri," akasema. Sasa alieleweka, ingawa maneno yalivuja hewa. "Haya meno nimeyapata Ijumaa. Yangu aliyatoa yeye, kwa ngumi, jikoni kwetu, kwa sababu nilichelewa kutoka mazishini. Sikuanguka mtoni. Ni hayo tu."

Akamrudishia mchungaji kipaza sauti, akasimama pale pale, mikono imeshika leso.

Mchungaji Jonah alimtazama askofu, na askofu akawa anaitazama saa yake. Wayua alidhani sasa kuna mtu atakayeinuka, na ni kweli mtu aliinuka, lakini alikuwa Nyamai.

Hakuwa na hasira. Alitembea polepole hadi kwa mkewe, akamwekea mkono begani, akachukua kipaza sauti kwa mchungaji.

"Watumishi wa Mungu, mniwie radhi," akasema kwa sauti ya chini. "Mke wangu hajalala tangu Ijumaa kwa maumivu. Mnaona mdomo wake ulivyo. Meno haya yalitengenezwa kwa dawa kali. Msichana aliyeyatengeneza yuko hapa, ni mtoto wetu. Wayua, simama mwanangu."

Vichwa vyote viligeuka. Wayua akasimama.

"Ulinieleza mwenyewe Jumanne. Ulisema hiyo dawa isipoungana vizuri inabaki ndani, inatoka mdomoni mwa mtu. Ni kweli au si kweli?"

"Ni kweli inabaki," Wayua akasema. "Inachoma ufizi. Haiingii kichwani. Haimfanyi mtu aseme ambalo halikuwa."

"Lakini inabaki."

"Kidogo."

"Na haya uliyafanya kwa haraka."

"Wewe ndiwe uliyetaka—"

"Nimeuliza kama uliyafanya kwa haraka."

Wayua alimtazama anti yake. Syokau alikuwa ametazama sakafu. "Ndiyo," Wayua akasema.

Nyamai akafungua mikono kuwaonyesha watu, kama mtu asiyekuwa na la kuongeza. Na Wayua aliona jambo likipita katika nyuso za watu, safu kwa safu: walikuwa wanashukuru. Walikuwa wamepewa kitu cha kushika. Mwanamke mmoja mbele yake akamgeukia jirani na kunong'ona kwamba dawa za hospitali si za kuchezea, dada yake pia aliwahi kuongea ovyo baada ya kudungwa sindano. Jirani akaitikia kwa kichwa.

Askofu alisimama. Alisema mama ana maumivu na kanisa litamwombea. Alisema mambo ya nyumba huzungumzwa nyumbani, na kwamba adui hupenda kuja siku ya baraka. Wamama wawili wakamshika Syokau mikono, kwa upole kabisa, wakamtoa nje. Kwaya ikaanza wimbo bila kuambiwa.

Wayua alimkuta kwenye tangi la maji nyuma ya kanisa. Wale wamama walikuwa wamesharudi ndani wasikose kushuhudia kusimikwa. Syokau alikuwa ameinama chini ya bomba, akisukutua na kutema. Kupitia mabati waliisikia sauti ya askofu, kisha vigelegele.

"Nilisema vizuri?" Syokau akauliza.

"Ulisema vizuri."

"Hawakusikia."

"Walisikia, anti."

Syokau akafunga bomba. Alitazama maji yakizama ardhini. "Ndiyo," akasema. "Walisikia."

Hakurudi nyumbani kwake kuchukua nguo. Alikwenda na Wayua Mwingi, na kesho yake Wayua akamwambia waende polisi. Syokau alifikiria. Kadi ya hospitali ilisema ameanguka, akasema, na aliyemwambia daktari hivyo ni yeye Syokau mwenyewe, huku Nyamai amesimama karibu na kitanda. Hata hivyo walikwenda. Askari aliyekuwa kaunta aliwasikiliza hadi mwisho, akauliza kama huyu ndiye mama wa meno. Habari ilikuwa imewatangulia. Aliwashauri wazungumze na wazee.

"Wazee wa wapi?" Wayua akamuuliza.

"Wa kanisa," akasema.

Syokau akapanda gari la Kathonzweni, kwa dada yake.

Farhiya aliporudi kutoka Garissa alikuwa ameshapigiwa simu na Nyamai, ambaye hakulalamika, alisema tu kwamba amesamehe. Farhiya alimwita Wayua chumbani kwake, akafunga mlango.

"Ulitumia ile ya kuunga?"

"Ndiyo, daktari."

"Juu ya ufizi ambao haujapona."

"Ndiyo."

"Ungenipigia."

"Ungesema hapana."

"Ningesema hapana, na wewe ungekuwa na mtu wa kumtaja. Ungemwambia mzee, daktari amekataa. Hasira ingekuja kwangu. Mimi siishi Nuu." Farhiya aliondoa miwani akajipangusa macho. Alikuwa amechoka na safari. "Uliogopa kwamba yasipokuwa tayari atampiga."

"Aliogopa yeye. Mimi nilimsikiliza."

"Sikulaumu kwa kumsikiliza. Nakulaumu kwa sababu ulijua kitakachobaki mle ndani, ulikuwa umemweleza hata yule mtu, na bado ukayatengeneza." Akavaa miwani tena. "Fanya mengine. Yapike inavyotakiwa."

Wayua aliyafanya mengine. Kielelezo cha plasta alikuwa nacho bado, ingawa ufizi ungebadilika, kwa hiyo alisafiri kwanza hadi Kathonzweni kuchukua kipimo kipya, vidonda vilipofunga. Safari hii alitumia kalibu ya chuma, akaifunga kwa parafujo, akaizamisha kwenye maji baridi na kuyapandisha moto polepole, kwa sababu maji yakichemka mapema ile monoma nayo huchemka ndani na kuacha matundu. Aliiacha humo mchana kutwa, joto likiwa pale pale, kisha akachemsha kidogo mwishoni kuzisukuma zile za mwisho ziungane. Hakuitoa ikiwa moto. Aliiacha ipoe ndani ya maji yake.

Alipokuwa akisubiri, wazo lile lile lilimjia, kama lilivyomjia kila siku tangu Jumapili ile. Kama yale ya kwanza angeyapika hivi, na yasingekuwa tayari, Syokau angesimama mbele ya watu akiwa na pengo lake, na kusingekuwa na dawa ya kusingizia. Au Nyamai angesema ni malaria, ama wivu, ama wazimu wa ukoo. Labda asingemleta kanisani kabisa. Labda angekuwa amemmaliza. Wayua alizipanga njia hizo akazipangua, na hakupata hata moja iliyomwacha mtu salama. Lakini kile alichokitia yeye kwenye kikombe kilikuwa ndicho kilichotumika, na hakuweza kukitoa katika hesabu.

Meno yalipotoka yalikuwa mazito kidogo kuliko ya kwanza, na hayakuwa na harufu yoyote.

Nyumbani kwa mama yake pale Kathonzweni alimkuta Syokau uani, ameketi kwenye kigoda, akipepeta ndengu kwenye uteo. Mama yake Wayua alikuwa amekwenda sokoni. Syokau aliyachukua meno, akayageuza kwenye mwanga, akayanusa kwanza, ndipo akayatia mdomoni. Wayua akangoja.

"Vipi?"

"Hakuna kitu," Syokau akasema. Akapitisha ulimi. "Hayachomi. Yamekaa vizuri sana."

"Hata jioni hayatachoma."

"Najua. Hayana ile harufu."

Simu yake ililia kwenye mkeka. Syokau alitazama jina, akaiweka kwenye sauti ya juu ili mikono yake ibaki kwenye uteo. Alikuwa Muthama, mwanawe wa kwanza, aliyekuwa mwalimu huko Machakos. Alimsalimia mama yake vizuri. Aliuliza juu ya afya, na mvua. Kisha akasema baba hali chakula vizuri, anapikiwa na mke wa Kaloki jirani, na watu wanaanza kusema. Alisema baba yuko tayari kuyaacha yaliyopita. Kilichobaki ni mama kwenda mbele ya mchungaji, hata watu wachache tu, aseme kwamba siku ile alikuwa mgonjwa kwa sababu ya zile dawa.

"Si lazima useme alikosea au hakukosea," Muthama akasema. "Sema tu ulikuwa mgonjwa. Ni neno moja, mama. Ulituaibisha."

"Muthama, wewe ulikuwepo nyumbani Desemba ile mkono wangu ulipovunjika," Syokau akasema. "Ulikuwa darasa la saba."

Gari lilisikika likipita upande wa Muthama.

"Hayo ni ya zamani," akasema hatimaye.

"Ndiyo."

"Kwa hivyo nimwambie nini?"

Syokau alirusha ndengu juu, akazidaka, akapuliza maganda. Matamshi yake yalikuwa safi, kila herufi mahali pake, hakuna mluzi.

"Mwambie nimepata meno mengine," akasema. "Na kwamba niko kwa dada yangu."

Muthama alisema atapiga tena Jumamosi. Simu ikakatika. Wayua alikaa chini kwenye mkeka, na Syokau akamsogezea nusu ya ndengu ili amsaidie kuchagua mawe.

"Atapiga," Syokau akasema. "Huyo ni mtoto mzuri. Atapiga na kusema yale yale."

Jua lilikuwa kali na lango lilikuwa limeachwa wazi. Wakachagua ndengu hadi mama yake Wayua aliporudi kutoka sokoni, akauliza kama meno yamefaa, na Syokau akafungua mdomo kumwonyesha.

"Mazuri," dada yake akasema. "Sasa utarudi lini kwako?"

Syokau akafunga mdomo, akaendelea kuchagua.